Barabara au Njia ya Shamba?

Chukua mfano huu. Mchoraji aliye Ujerumani anatazama picha ya setilaiti ya kata ya Machochwe, wilayani Serengeti. Anaona mstari wa udongo kati ya vijiji viwili, anauchora kwenye OpenStreetMap na kuuita njia ya shamba, maana kwao njia ya udongo ni ya matrekta. Mkazi wa kata anaukataa uamuzi huo: hapo ndipo zinapopita bodaboda, malori ya mnadani na gari la wagonjwa. Nani yuko sahihi?

OpenStreetMap ni ramani huria iliyoanzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaweza kuihariri, na programu nyingi za simu huchota taarifa humo. Mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map ulianza kuchora vijiji vya Tanzania ambavyo ramani zilikuwa zimeviruka. Mkoani Mara kazi hiyo huwasaidia wanaookoa wasichana wanaokimbia ukeketaji, likiwemo shirika la Hope for Girls and Women la Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama mjini Mugumu. Msichana akiomba msaada usiku, dereva anahitaji kujua barabara ipi inafika kwao.

Katika ramani hii kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la akaunti, tarehe na maelezo, na mtu mwingine anaweza kulihoji palepale. Mabishano kuhusu barabara za udongo yalionyesha kuwa pande zote mbili zilikuwa na hoja. Upande mmoja ulikuwa ukijibu swali la barabara imetengenezwa kwa kitu gani; mwingine, la barabara inafanya kazi gani. Lebo moja, yaani neno linaloitambulisha barabara kwenye ramani, ilikuwa imebebeshwa maswali mawili. Ndiyo maana mwongozo wa wachoraji wa Afrika Mashariki unayatenganisha: daraja la barabara hufuata umuhimu wake, nalo suala la lami au udongo huandikwa kwenye lebo yake.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya ubishi wa heshima katika kazi za kompyuta: huibua swali la pili lililojificha ndani ya la kwanza. Lau mmoja angemwita mwenzake mjinga, mwenzake angejitetea au angeondoka, na lebo ingebaki na kasoro yake. Hata Linus Torvalds, mwasisi wa mfumo endeshi wa Linux, aliomba radhi hadharani Septemba 2018 kwa lugha yake kali dhidi ya waandishi wenzake wa programu, na mradi wake ukapitisha kanuni mpya za mwenendo.

Heshima haimaanishi kukubali kila kitu. Duara linaloonekana kwenye picha laweza kuwa nyumba, ghala au zizi la ng'ombe, na mkaguzi wa ramani ana wajibu wa kurudisha kazi iliyokosewa. Akiandika tu "umekosea", mchoraji hajifunzi chochote. Akieleza kuwa paa hutupa kivuli ilhali zizi huwa wazi katikati, mchoraji atazitambua nyumba nyingine mia peke yake.

Kijana wa Tarime au Mugumu anayejifunza programu anaweza kuanza na ramani ya kijiji chake. Afungue historia ya barabara anayoifahamu, asome sababu za waliotangulia. Akiona kosa, aandike mambo matatu: alichokiona kwa macho, lini alipita hapo, na badiliko analopendekeza. Kisha amuulize mchoraji wa kwanza aliona nini, kwa sababu huenda picha aliyotumia ilipigwa kabla barabara haijachongwa.