Neno "Gaidi" na Uchunguzi wa Mambo Yaliyopita: Mfano wa Mamboya

Mtu achunguzaye habari za ugaidi huanza kazi akiwa amekwisha kupewa hukumu, kwa maana jina lenyewe ni hukumu. Zamani gaidi alikuwa mnyang'anyi wa njiani. Tangu mlipuko wa Dar es Salaam wa tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua watu 11, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, neno hili limechukua maana nzito zaidi ya sheria na siasa. Si halali kuirudisha maana hii nyuma bila kusema.

Tutazame Mamboya, Wilaya ya Kilosa, iliyokuwa katika njia ya misafara itokayo Saadani kwenda Mpwapwa. Mwaka 1889 watu wa Abushiri bin Salim walikishambulia kituo cha kampuni ya Kijerumani huko Mpwapwa. Berlin iliyaita mambo hayo "uasi wa Waarabu", na bunge lilitoa marki milioni mbili. Lakini Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya vita hivyo, anataja Wadachi kutamalaki Mrima. Wala hapana uasi katika jina la utenzi wake. Naye Jonathon Glassman, mwaka 1995, alionyesha kwamba wengi waliopigana hawakuwa Waarabu, bali watu wa Mrima wenye magomvi yao wenyewe.

Basi mchunguzi afikaye Mamboya akiuliza, "Je, magaidi walipita hapa?" atarudishiwa neno lake mwenyewe, na ataliandika kama ushahidi. Yampasa aulize kwanza kwa Kikaguru, na kuliandika neno la msimulizi kabla ya kulifasiri. Sarufi ya Kikaguru ya J. T. Last, aliyekuwa mmisionari Mamboya, ilichapwa mwaka 1886, yaani kabla ya vita. Hiyo yafaa kuwa kipimo cha maneno. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokusanya habari za Maji Maji mwaka 1968 waliweza kuwapata wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Sisi hatuna bahati hiyo kwa mambo ya 1889; kwa hiyo kila habari iandikwe pamoja na mlolongo wa waliopokezana, kama wanazuoni wafanyavyo kwa isnadi, na iulizwe kama msimulizi aliisikia kwa babu yake au aliisoma shuleni.

Katika mambo ya karibu hatari ni kubwa zaidi. Mama akisema "mwanangu" mahali ambapo hati ya polisi yasema "gaidi", maneno yote mawili yaandikwe, na jina la mama lifichwe.