Kusimamisha Nguzo ya Sauti ndani ya Fidla
Nguzo ya sauti ni kijiti cha mbao ya sprusi, chenye kipenyo cha takriban milimita 6, kinachosimama ndani ya fidla, nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba. Wafaransa huiita roho ya chombo. Nguzo hii haigundishwi. Hushikiliwa na mgandamizo wa uso na mgongo wa fidla pekee. Kwa hiyo, ncha zake huchongwa zilingane na mpindo wa ndani wa mbao hizo. Fundi huidunga kwa chuma kilichopindwa mfano wa herufi S, huipitisha kwenye tundu la sauti, kisha huisogeza taratibu akichungulia kwa kioo kidogo. Ikiwa ndefu mno, uso waweza kupasuka. Ikianguka, nyuzi zilegezwe mara moja, kabla uso haujabonyea.