Mapacha wa Nuru Mwilini: Mfungamano wa Kwanta na Picha za PET

Mgonjwa anayepimwa kwa mashine ya PET hudungwa kwanza sukari iliyopachikwa florini-18. Seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa pupa, hivyo huikusanya. Florini hiyo hutoa positroni, ambayo husafiri umbali mfupi sana, hukutana na elektroni ya tishu, na zote mbili hutoweka. Badala yake huzaliwa fotoni mbili za gama, kila moja ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511, zikikimbia pande zinazokabiliana. Mashine huzinasa kwa pamoja na kuchora mstari kati ya vitambuzi viwili. Mistari hiyo ikiwa mingi, uvimbe huonekana.

Jambo ambalo sisi walimu wa tiba hulipita kimya ni kwamba fotoni hizo ni mapacha kwa maana nzito zaidi. Kila wimbi la nuru lina mwelekeo wa kutikisika. Katika jozi hii hakuna fotoni yenye mwelekeo wake peke yake. Kilicho thabiti ni uhusiano wao tu, yaani mielekeo hiyo miwili hukingamana kwa pembe mraba. Huo ndio mfungamano wa kwanta. Mwaka 1950, C. S. Wu na Irving Shaknov wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walizitawanya fotoni hizo kwa vipande vya alumini. Idadi ya jozi zilizotawanyika kwa kukingamana ilizidi ile ya sambamba takribani mara mbili, kama nadharia ilivyotabiri.

Lakini mwili si ombwe. Fotoni nyingi hugonga elektroni za tishu kabla ya kutoka, zikapoteza nishati na kupinda njia. Husemwa kwamba hapo mfungamano hukatika kama kamba. Usemi huo unapotosha. Elektroni iliyogongwa nayo huingia katika uhusiano ule, na mfungamano husambaa kama tone la wino majini. Kwa kuwa hakuna awezaye kuifuatilia elektroni hiyo, anayepima fotoni mbili pekee huona uhusiano uliofifia. Wazo hili la mazingira kuuficha uhusiano lilielezwa na Mjerumani H. Dieter Zeh mwaka 1970. Kiasi cha kufifia hutegemea pembe: fotoni iliyopinda kidogo hubaki na sehemu kubwa ya mfungamano wake.

Hapo ndipo penye utata kwa hospitali. Fotoni iliyopinda huidanganya mashine, kwani mstari unaochorwa haupiti palipo na uvimbe, na picha hupata ukungu. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walipendekeza mfungamano utumike kama alama ya jozi halali. Pendekezo linavutia. Hata hivyo, fotoni zilizopinda kidogo, ambazo tayari hupenya kichujio cha nishati, ndizo hizo hizo zinazobaki na alama.

Kwa maoni yangu, tumaini imara zaidi liko kwa jozi za bahati nasibu: fotoni mbili zisizo mapacha zilizofika kwa wakati mmoja. Hizo hazikuwa na mfungamano tangu mwanzo. Kuzitambua kunahitaji vitambuzi vinavyoonyesha fotoni ilitawanyikia upande gani, ilhali fuwele za mashine nyingi za sasa zilibuniwa kuimeza tu.