KUBADILISHA RESORI NA AMORTISERE ZA GARI NYUMBANI



Wengi wametuuliza kwa nini magari yanayofika hapa Baraka yanavunjika kila mara fasi moja, yaani kwenye resori. Wengine wanasema ni uchawi, wengine wanasema ni shofere mubaya. Tumeona vema kueleza jambo hili, juu ya sababu mbili. Ya kwanza: barabara yetu ya kwenda Uvira, ile Barabara ya Taifa namba 5, munaijua mashimo yake. Resori ikikatika usiku karibu na Mboko, na mgonjwa amelala ndani ya gari, si kazi ya kucheka. Ya pili: wenye magari wengi wanafanya kazi hii wenyewe nyumbani, na watoto wao ndio wanaoshika kriki. Watoto hao ndio sisi.

Resori inafanya nini?

Angalieni mama anayebeba beseni la maji kichwani. Akikanyaga shimo, magoti yake yanapinda kidogo, maji hayamwagiki. Resori ni magoti ya gari. Katika Land Rover za zamani, zilizoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, na katika nyuma ya Land Cruiser nyingi zinazopita hapa kwetu, resori ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine, marefu juu, mafupi chini. Bamba kuu la juu liko na tundu huku na huku. Tundu moja linafungwa kwa shasi. Tundu lingine linashikwa na jumele, kipande kinachochezacheza, kwa sababu resori ikilala inakuwa ndefu zaidi, inahitaji nafasi. Katikati, bridi mbili, ni vyuma vilivyopindwa kama herufi U, zinaifunga resori pamoja na ponti ya magurudumu.

Tulisoma katika fizika kwamba Mwingereza Robert Hooke alitangaza sheria yake mwaka 1678: ukizidisha uzito mara mbili, resori nayo inapinda mara mbili. Lakini sheria hii iko na mpaka. Ukipita mpaka, chuma hakirudi tena kama zamani, kinabaki kimelala au kinakatika. Gari linalobeba magunia, mafuta ya mawese na watu kumi na watano juu yake liko karibu na mpaka huo hata kabla ya kukutana na shimo. Basi si uchawi, ni hesabu.

Na amortisere?

Wengi wanafikiri amortisere ndiyo inayobeba gari. Hapana. Resori inabeba, amortisere inatuliza. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gari likiruka, mafuta yanalazimishwa kupita ndani ya matundu yale kwa shida, na nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Gusa amortisere baada ya safari ndefu, utaona iko ya moto. Ikiwa imekufa, gari linaendelea kurukaruka, pine zinaacha kushika udongo, na freni hazina kazi, kwa kuwa pine iliyo hewani haiwezi kusimamisha gari.

Namna ya kupima: sukumeni kona ya gari chini kwa nguvu, halafu muache. Likipanda na kutulia, ni sawa. Likicheza mara tatu, mara nne, imekwisha. Tazameni pia kama mafuta yanatoka nje yake. Kwa resori, tazameni kama gari limelalia upande, na kama kuna bamba lenye ufa au bamba lililosogea.

Kazi yenyewe

1) Siku moja mbele, safisheni bulo zote kwa brosi ya chuma na muzimwagie mazutu. Kutu italegea. Asiyefanya hivyo atakata bulo na kulia.

2) Chagueni udongo mgumu na ulio sawa. Wekeni mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Freni ya mkono peke yake haitoshi. Katika Land Rover za zamani inashika kardani, si magurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari linaweza kutembea hata kama freni imevutwa.

3) Legezeni bulo za gurudumu kabla ya kuinua. Inueni kwa kriki, halafu wekeni magogo ya mti mgumu chini ya shasi, yamepangwa kwa kupishana. Si matofali, matofali yanapasuka bila kusema. Shusheni gari mpaka likae juu ya magogo kweli. Ndipo kriki iende chini ya ponti, kuishika isianguke na kuvuta mpira wa freni.

4) Ondoeni amortisere, kisha bridi, kisha jumele, mwisho bulo ya mbele. Resori ni nzito, watu wawili waishike.

5) Resori mpya: anzeni na tundu la mbele, halafu jumele. Kichwa cha bulo ya katikati kiingie sawasawa katika tundu lake kwenye ponti, kama sivyo gari litatembea upande kama kaa. Bridi ziwe mpya, kwa maana za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazeni kidogo kidogo kwa kupishana.

6) Bulo zinazopita ndani ya vipira musizikaze kabisa gari likiwa juu. Lishusheni kwanza likae kwa magurudumu yake, ndipo mukaze. Kama sivyo, vipira vinabaki vimepindwa na vitapasuka upesi.

7) Badilisheni mbili mbili, kushoto na kuume. Na baada ya safari ya kwanza, kazeni bridi tena.

Mambo ya kukataa

Kuunga bamba lililokatika kwa moto: moto unaua ugumu wa chuma, nalo litakatika tena pembeni ya kiungo. Kuongeza bamba la kamyo: resori haitapinda tena, basi pigo linakwenda kwa shasi, na shasi ndiyo inapasuka. Na magari madogo yenye resori ya kuviringika iliyozunguka amortisere, musifungue ekru ya juu bila chombo cha kubana resori. Nguvu iliyofungwa pale inaweza kuua mtu. Mupeleke kwa fundi wa garaji aliye na chombo hicho.

Jambo la mwisho

Siku moja tulisaidia mwalimu mmoja nyumbani kwake, si mbali na ziwa. Kriki ilikuwa imeinua shasi, na magogo yalikuwa yamewekwa, ila gari halikushushwa bado. Nafasi ya vidole viwili ilibaki. Mwenzetu mmoja hakungoja, akaingia chini kutazama bulo. Udongo ule ulikuwa mchanga chini ya ganda gumu. Kriki ikazama, ikainama, ikaruka. Gari lote likaangukia magogo kwa kishindo, na magogo yakashika. Mwenzetu akatoka akitambaa, vumbi usoni, hasemi neno. Muda mfupi mbele ya hapo yeye ndiye aliyesema kwamba kupanga magogo ni kupoteza wakati.

Kupanga magogo kulituchukua kama dakika kumi. Tumezihesabu tena mara nyingi.

Kwa hiyo ndugu zetu, baba akikuita kushika taa au kriki, kwa heshima yote mwambie: «Baba, tuweke magogo kwanza.» Si kukosa utii. Kriki ni ya kuinua, magogo ndiyo ya kubeba, na hakuna haraka ya safari inayofaa kununuliwa kwa mtu.

Bwana awalinde nyumbani na barabarani.