Kipindi cha PE si cha kukopwa

Ratiba ya shule ya sekondari huwa na kipindi cha mazoezi ya viungo, ambacho wanafunzi wanakiita PE tu. Mzazi akiuliza kilitumikaje wiki iliyopita, asishangae kuambiwa mwalimu wa Hisabati alikiomba ili amalize silabasi. Kwa miaka mingi PE haikutahiniwa, na kisichotahiniwa hukopwa bila kurudishwa.

Mtaala wa umilisi unahitaji tulitazame jambo hili upya. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, Sanaa na Sayansi ya Michezo ilikuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Hata hivyo, kipindi cha PE ni cha kila mwanafunzi, hata yule aliyechagua Fizikia na Kemia.

Sababu ni afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 27 wana uzani uliozidi. Magonjwa haya hujengeka polepole, na mazoea yanayoyaleta huanza mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi ya nguvu yanayoimarisha misuli na mifupa. Mwaka 2016, vijana 4 kati ya 5 duniani hawakufikia kiwango hicho. Hapa kwetu kuna mtoto anayetembea kilomita kadhaa kwenda shuleni, na kuna anayepelekwa kwa bodaboda hadi langoni. Wa pili anakihitaji kipindi hicho zaidi.

Wengi huchanganya PE na timu ya shule. Shule yenye wanafunzi 600 ikipeleka wachezaji 18 mashindanoni, 582 hubaki kushangilia. Kufundisha siha ni kuwafikia hao 582: moyo na mapafu yastahimili, misuli ipate nguvu, viungo viwe vyepesi kunyumbuka, na mwanafunzi ajue kwa nini anafanya hivyo.

Dakika 40 zinatosha. Tano au nane za kupasha mwili joto kwa kutembea haraka na kunyoosha viungo, ishirini na tano hivi za kazi yenyewe, kisha kupoa taratibu. Vifaa si kisingizio. Kamba ya katani, mtungi wa lita 5 uliojazwa mchanga, na mchezo wa kati, ambao kila msichana wa hapa aliucheza shule ya msingi, vinatosha kumtoa mtu jasho. Mwanafunzi afundishwe kuhesabu mapigo yake kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Kwa mwenye miaka 16, mapigo kati ya 130 na 155 kwa dakika ni kasi ya wastani. Asiye na saa ajipime hivi: anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Aandike matokeo yake kwenye daftari, ayalinganishe na yake ya muhula uliopita. Kumlinganisha na bingwa wa darasa humfanya mnene ajifiche chooni siku ya PE.

Kuna jambo moja la eneo letu la ziwa ambalo haliwezi kupuuzwa. Seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa, umeenea hapa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwanafunzi mwenye ugonjwa huu afanye mazoezi mepesi kwa ushauri wa daktari, anywe maji mara kwa mara, aepuke jua kali la saa saba, na aruhusiwe kupumzika bila kuitwa mvivu. Mzazi amweleze mwalimu mapema. Vivyo hivyo kwa mwenye pumu, ambaye dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani, si bwenini.

Kuruka kichura kama adhabu kukome. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na mateso mengine ya mwili, na mtoto aliyezungushwa uwanja kwa kuchelewa hatakimbia kwa hiari akiwa na miaka 30.

Wakaazi hutuuliza kwa nini kaunti haiajiri walimu wa PE. Kikatiba, elimu ya sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa na walimu huajiriwa na TSC. Huduma za afya na viwanja vya michezo vya umma ndivyo vilivyo mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo suala la ratiba lipelekwe kwa mwalimu mkuu au kwa wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule. Swali lenyewe ni fupi: kipindi cha PE cha wiki iliyopita kilifundishwa, na nani?