Jinsi Uzi Unavyokata Kona

Katika Makumbusho ya Uingereza, jijini London, kuna soksi moja ya mtoto. Ni ya mguu wa kushoto. Mwenzake wa kulia haonekani, na kwa kuwa mwenye soksi aliishi Misri miaka kama 1700 iliyopita, hakuna tena wa kuulizwa aliiacha wapi. Ilifukuliwa katika uchimbaji wa mwaka 1913 hadi 1914 huko Antinoopolis, mji ulioanzishwa na Kaisari Hadrian kando ya mto Nile. Na haikukutwa kaburini wala kwenye jumba la tajiri. Ilikutwa jalalani. Mtu aliiangalia, akaona imemaliza kazi, akaitupa na takataka nyingine, kisha mchanga mkavu wa Misri ukaitunza kuliko kabati lolote.

Ukiitazama picha yake, kitu cha kwanza utakachoona ni mistari ya rangi inayouzunguka mguu kuanzia juu hadi chini. Cha pili ni ncha yake. Imegawanyika: kidole gumba kina nafasi yake, vidole vinne vina yao. Mtoto yule aliivaa na ndara, na mkanda wa ndara ulipita hapo katikati. Kwa hiyo siku ukichekwa kwa kuvaa soksi na kandambili, jua kwamba una wenzako wa zamani sana.

Mwaka 2018 mtaalamu wa makumbusho hayo, Joanne Dyer, pamoja na wenzake, walieleza namna ya kuichunguza soksi hiyo bila kuchomoa hata unyuzi mmoja. Waliipiga picha kwa mwanga wa aina nyingi, ukiwemo ule ambao macho yetu hayauoni, kwa sababu kila rangi ya mmea hujibu mwanga kwa namna yake. Moja hung'aa, nyingine hufifia. Wakakuta kwamba mistari yote ile imetokana na rangi tatu tu: nyekundu ya mizizi, buluu ya majani na manjano ya maua, kila moja kutoka mmea wake. Zilizobaki zilipatikana kwa kuchanganya. Sufu ukiichovya kwenye manjano, ukaikausha, kisha ukaichovya kwenye buluu, inatoka kijani. Ukianza na nyekundu ukamalizia na buluu, unapata zambarau.

Hebu fikiria kazi hiyo. Kuchimba mizizi, kuitwanga, kuchemsha maji, kuchovya, kuanika, kuchovya tena. Yote kwa ajili ya mguu wa mtoto, na mguu wa mtoto hukua haraka hata soksi haijachakaa. Soksi ya rangi moja ingempasha joto vilevile. Aliyeifuma hakuwa anafukuza baridi peke yake. Alikuwa anajifurahisha.

Furaha hiyo ndiyo ninayotaka kukueleza, na siwezi kuieleza bila kukuonyesha soksi inavyofumwa.

Soksi ya Antinoopolis ilifumwa kwa sindano moja yenye tundu, mfano wa sindano kubwa ya kushonea magunia, na kila kitanzi kilidai uzi wote upite ndani yake. Hebu jaribu kupitisha uzi wa mita tano kwenye kitanzi kimoja, halafu kingine, halafu kingine, uone saa zinavyokwenda. Baadaye, hukohuko Misri, watu walikuwa wakifuma kama tunavyofuma sasa: sindano hazina tundu, na kinachopita ndani ya kitanzi ni kitanzi kipya tu, huku donge la uzi likibaki limekaa pembeni. Vipo vipande vya soksi za pamba za enzi hiyo, vya miaka kama 700 hadi 900 iliyopita, buluu na nyeupe, vingine vikiwa na mapambo ya maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi. Kisha mwaka 1589 Mwingereza William Lee akaunda mashine ya kufuma soksi, na ukoo wa mashine hiyo ndio unaokutolea soksi za shule zenye mistari miwili juu, zote sawasawa, zote za rangi iliyoamriwa na mwalimu mkuu. Simlaumu Lee. Watu wengi wasingekuwa na soksi kama si yeye. Lakini mashine haioni raha ya kona.

Subiri, kwenye kona tutafika.

Huku kwetu, kwenye baridi ya Njombe, Makete au Limuru, si ajabu kumwona mtu amekaa nje na donge la uzi mapajani. Na asiye na sindano za dukani hajakwama. Watoto wengi wamejifunza kufuma kwa spoki za baiskeli, zilizokatwa na kusuguliwa ncha kwenye sakafu ya saruji hadi zisikwaruze uzi. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, na sindano za kufumia soksi huwa na unene wa milimita 2 hadi 2.5. Kwa sweta nene spoki ni nyembamba mno. Kwa soksi imepatia. Baiskeli mbovu moja ina sindano za watoto kadhaa.

Unahitaji tano. Nne hushika vitanzi na ya tano hufanya kazi. Kwa mguu wa mtu mzima na uzi mwembamba wa soksi, idadi inayotumika sana ni vitanzi 64, yaani 16 kwenye kila sindano, na sindano zikae umbo la mraba. Unafuma upande wa kwanza kwa sindano iliyo tupu. Ukimaliza, sindano iliyokuwa na vitanzi inabaki tupu, nayo inakuwa ya kufumia upande wa pili. Unazunguka hivyo, unazunguka, na kitu kinaanza kuning'inia chini ya mraba wako: bomba la kitambaa lisilo na mshono hata mmoja.

Mdomo wa soksi hufumwa kwa kubadilisha: vitanzi viwili vya kutazama mbele, viwili vya kutazama nyuma. Hivyo kitambaa kinajikunja mistarimistari na kuvutika kama mpira, ndiyo maana soksi haiporomoki ukikimbia. Baada ya hapo ni kuzunguka tu hadi karibu na kifundo cha mguu. Sehemu hii ni rahisi kiasi kwamba wafumaji huifanya wakipiga soga au wakiwa kwenye basi, na hapo ndipo soksi inapoishinda sweta: sweta inajaza mapaja mawili na kumkera jirani, soksi inaingia mfukoni.

Ila bomba si mguu. Mguu wako unashuka wima kutoka gotini, halafu unapinda kwenda mbele. Ukivaa bomba lililonyooka, kitambaa kitarundikana mbele ya kifundo na kukazana nyuma. Lazima bomba likate kona, bila mkasi na bila kuongeza kiraka. Namna yenyewe ni hii.

Unaviacha vitanzi 32 vya mbele vipumzike kwenye sindano zao. Vile 32 vya nyuma unavifuma peke yake, kwenda na kurudi, mpaka upate kitambaa cha mraba kinachoning'inia kama ulimi. Huo ndio utakaofunika kisigino kwa nyuma. Sasa inakuja hila yenyewe. Unafuma mpaka uvuke katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili viwe kimoja, halafu, kabla ya kufika mwisho, unageuka. Ndiyo, unarudi huku pembeni kumebaki vitanzi visivyofumwa. Unavuka tena katikati, unaunganisha viwili, unageuka. Kila safari unakwenda mbele kidogo kuliko safari iliyopita, na kila safari unakula kitanzi kimoja cha vile vilivyosubiri. Katikati kunaongezeka safu, pembeni hakuongezeki. Kitambaa kinakosa pa kwenda, kinabinuka nje. Mara ya kwanza kuona hivyo mtu huwa haamini: mikono yako imefanya mambo yaleyale, kitanzi baada ya kitanzi, na ghafla mkononi una kikombe kinachotosha kisigino.

Ulimi ulioanza na vitanzi 32 sasa umebaki na 18. Unaokota vitanzi 16 kwenye ukingo wa ulimi upande huu na 16 upande ule, unaviita vile 32 vilivyokuwa vimepumzika, na hesabu inakuwa 82. Ni vingi mno kwa unyayo. Kwa hiyo kila baada ya mzunguko mmoja unapunguza viwili, kimoja kila upande, mpaka urudi kwenye 64. Zidisha, gawanya, utaona inachukua mizunguko 18. Wafumaji waliopata alama mbovu za hesabu shuleni hupiga hesabu hizi kichwani wakiwa wanakunywa chai.

Na rangi je?

Njia ya kwanza ni ile ya Misri: kubadilisha uzi kila unapotaka mstari mpya. Unajichagulia kila rangi, lakini ndani ya soksi zinabaki ncha nyingi za kufichwa. Njia ya pili ni kubeba nyuzi mbili kwa pamoja na kuzipokezana kwenye mzunguko mmoja ili zitoe picha. Wafumaji wa Fair Isle, kisiwa kidogo cha Uskoti, wana mapambo yanayoonekana kuwa na rangi kumi, lakini ukifuata mzunguko mmoja mmoja hukuti zaidi ya rangi mbili. Ile isiyotumika inapita kwa nyuma, kwa hiyo kitambaa kinakuwa na unene wa ziada na joto la ziada.

Njia ya tatu ndiyo inayowanogea watoto. Kuna uzi uliotiwa rangi kwa vipande: mita kadhaa za chungwa, kisha za samawati, kisha damu ya mzee, bila kukatika. Wewe unafuma tu, mistari inajitokeza yenyewe. Na humo kuna fumbo. Ukimfumia baba soksi kwa uzi huo, kisha ukamfumia mdogo wako kwa uzi uleule, mistari ya mdogo wako itakuwa minene kuliko ya baba. Mbona?

Kitanzi kimoja cha soksi hula uzi wa sentimita moja hivi. Mzunguko wa vitanzi 64 unakula sentimita 64. Kama kipande cha chungwa kina urefu wa mita 4, kwa baba kitatosha mizunguko 6 na kidogo. Mguu wa mtoto unaweza kuhitaji vitanzi 40 tu, na sentimita 400 ukizigawa kwa 40 unapata mizunguko 10. Chungwa ni lilelile, mguu mdogo unalifaidi zaidi.

Uzi wa namna hiyo una hila moja kwa mfumaji: haumruhusu kulala. Anasema atafuma hadi chungwa liishe. Likiisha, samawati imeshaanza kuchungulia, naye anataka kuiona imeshika mzunguko mzima. Ikishika, damu ya mzee haiko mbali. Taa inazimwa usiku wa manane. Hadithi nzuri huwafanyia watu vivyo hivyo, lakini ukimaliza hadithi huna cha kuvaa.

Ukikosea, unachomoa sindano, unavuta, na uzi unarudi kwenye donge ukiwa mzima. Fundi nguo akikata vibaya amepoteza kitambaa, fundi seremala amepoteza ubao. Mfumaji amepoteza jioni yake tu, na huenda hakuwa na mpango mwingine wa jioni hiyo.

Nyuzi nyingi za soksi huwa sehemu tatu sufu na sehemu moja nailoni. Sufu huvuta jasho, inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla mguu haujahisi umelowa, na nailoni huipa nguvu ya kuhimili msuguano wa kiatu. Hata hivyo kisigino kitatoboka siku moja. Usiitupe soksi: tililia tundu kwa uzi wa rangi nyingine kabisa, ya kupiga kelele. Wanaoficha kiraka wana sababu zao, mimi sizijui.

Soksi ya kwanza ina vitanzi zaidi ya elfu kumi, na ukiifunga ncha mbele ya vidole utataka kuwaonyesha watu wote nyumbani. Waonyeshe. Lakini usilale kabla hujaanza ya pili, maana hapo ndipo wengi hukwama: kona walishaiona, rangi walishazijua, na soksi moja inakaa kwenye mfuko miezi ikisubiri mwenzake. Anzisha vitanzi 64 vingine usiku huohuo, hata kama ni mzunguko mmoja. Ukitaka zifanane, vuta uzi kutoka kwenye donge mpaka ufike mahali rangi ileile ya mwanzo inapoanzia, ndipo ufunge kitanzi cha kwanza. Usipotaka zifanane, anza popote.