TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: PICHA ZINAZOCHELEWA KATIKA KOMPYUTA ZA MBALI

Watumishi wa Serikali wanaoendesha kompyuta zilizopo kisiwa kingine kwa njia ya mtandao wanakumbushwa kwamba si kila picha inayochelewa kuonekana imecheleweshwa na mtandao huo. Jambo hili lina gharama. Ikiandikwa "mtandao ni mdogo" pasi na kupima, hulipiwa njia pana zaidi, na ramani ya kiwanja ikaendelea kujichora kipande kipande mbele ya mwananchi aliyesubiri tangu asubuhi.

Mfano ni karani aliyepo Chake Chake anayefungua ramani iliyomo katika seva ya Unguja. Kwa kawaida ramani huchorwa huko huko Unguja, na kinachovuka bahari ni picha ya skrini tu. Kwa hiyo seva ndiyo ichunguzwe mwanzo. Mtu aketi mbele yake na kuifungua ramani ile ile. Ikiwa nzito hapo pia, mtandao hauna kosa. Ikiwa nyepesi, uchunguzi haujakwisha, kwani seva yaweza kuwa na kadi nzuri ya michoro na mtumiaji wa mbali asiifikie. Katika Linux, amri ya glxinfo itolewe na huyo aliye mbali. Likitokea jina la llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayochora kila mstari, na dawa iko Unguja.

Seva ikishaonekana kuwa nzima, ndipo ipimwe njia. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kila moja ikiwa na baiti 3, ni baiti 6,220,800, yaani karibu megabiti 50. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde ingehitaji sekunde 5 kupitisha picha moja. Ndiyo sababu programu hizi huibana picha na kupeleka sehemu zilizobadilika tu. Dirisha lipunguzwe hadi robo. Kazi ikichangamka, njia ni finyu, na kupunguza rangi kutasaidia kabla ya kuongeza malipo.

Isipochangamka, itazamwe safari ya kwenda na kurudi kwa amri ya ping. Mwanga ndani ya kebo hukata takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo baina ya Unguja na Pemba safari yenyewe haihitaji zaidi ya milisekunde chache. Ikisomeka 600 kila saa, huenda ujumbe unapitia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 470 hivi. Muda huo haununuliki kwa fedha yoyote. Taabu huzidi kwa programu zinazotumia utaratibu wa X11, uliotoka mwaka 1987, ambao hupeleka amri za kuchora na mara nyingi husubiri jibu: maswali 100 yanayosubiriana kwa nusu sekunde kila moja ni sekunde 50. Hapo itumike VNC, inayopeleka picha iliyokwisha chorwa.

Ping ikiwa ndogo alfajiri na kubwa saa nne, hiyo ni foleni; aulizwe kwanza nani anapakua mafaili makubwa saa za kazi.

Wakuu wa afisi wanaombwa kuambatanisha vipimo hivi, pamoja na saa vilipochukuliwa, katika kila ombi la kuongezewa njia.